Nani anatarajia mafuriko? Dosari za Kiswahili cha ilani za mvua

“Mafuriko yanatarajiwa.” Sentensi hii husikika redioni na kusomwa magazetini kila masika yanapokaribia, na hakuna anayeshtuka. Hebu tuitazame kwa makini. Kitenzi ‘tarajia’ tumekichukua kutoka kwa Kiarabu, na kiini cha maana yake ni kuwa na matumaini. Mzazi hutarajia mwanawe afaulu. Mkulima aliyekwisha kupanda hutarajia mvua. Mja mzito akiulizwa, husema anatarajia. Sasa nani huyu anayekaa kwake Budalang’i au Garsen akiyatarajia mafuriko, kana kwamba ni mgeni aliyetuma salamu za kuja?

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba lugha hukua, kwamba ‘tarajia’ siku hizi ina maana pana ya kitu kinachokisiwa kutokea, na kwamba msomi anayeng’ang’ania asili za maneno ni sawa na mtu anayedai nauli ya mwaka jana kwa kondakta wa leo. Nakubali. Katika habari za kandanda au za bajeti sina ugomvi na neno hilo. Ugomvi wangu unaanzia mahali ambapo sentensi imeandikwa ili mtu ainuke kitini, achukue watoto na kuondoka. Hapo kila neno lina kazi, na neno linalobembeleza sikio limeshindwa na kazi yake. Kiswahili kinayo maneno ya hofu: kuna hatari ya mafuriko, mafuriko yanahofiwa, mto unaweza kuvunja kingo usiku huu. Kwa nini tuyaweke kando?

Nimefundisha tafsiri kwa miaka kadhaa na ilani za hali ya hewa ni mojawapo ya matini ninazowapa wanafunzi kila mwaka. Ni matini fupi, hazina fumbo wala tamathali, na bado huwatoa jasho kuliko hadithi fupi. Nitaunga hapa sentensi za aina inayojirudia ili tuwe na kitu cha kukosoa:

“Mvua kubwa ya zaidi ya milimita 20 kwa muda wa saa 24 inatarajiwa katika Nyanda za Juu Mashariki mwa Bonde la Ufa, kukiwa na uwezekano wa asilimia 33 hadi 66. Wakazi wa maeneo ya chini wanashauriwa kuwa waangalifu kwani huenda mafuriko ya ghafla yakashuhudiwa.”

Sarufi yake haina tatizo. Mtahini wa Kiswahili angeipitisha. Lakini chukua sentensi hii umpelekee mama anayeuza sukumawiki Mathare kando ya mto, kisha umuulize: Je, hii habari inakuhusu? Atakuambia haimhusu, maana yeye haishi nyanda za juu zozote. Anaishi Nairobi. Hajui kwamba katika ramani ya wataalamu, Nairobi imo ndani ya hizo Nyanda za Juu Mashariki mwa Bonde la Ufa. Ni kweli kwamba Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa huorodhesha kaunti zinazohusika katika ilani zake, na hilo ni jema. Tatizo ni kwamba orodha ikifika kwenye chumba cha habari inakatwa kwa sababu ni ndefu, na kinachobaki hewani ni lile jina kubwa la kijiografia lisilo na mwenyewe.

Halafu milimita 20. Kwa mtu wa kawaida milimita ni kitu kidogo, unyayo wa sisimizi. Ukimwambia mvua ya milimita 20 inakuja atacheka. Maji ya kina cha sentimita mbili yatamfanya nini? Hapa mwandishi wa ilani amesema ukweli wa kisayansi na kumpa msikilizaji taswira ya uongo. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Chukua basi paa la mabati la mita kumi kwa tano. Milimita 20 zitateremsha juu ya paa hilo lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Ekari moja ya ardhi itapokea zaidi ya lita 80,000, sawa na malori manane ya maji ya lita 10,000 kila moja, yamemwagwa yote hapo hapo. Sasa zidisha kwa ekari zote za mlima ulio juu ya nyumba yako, ukumbuke maji yote hayo yanashuka kuja kwako. Ukishapiga hesabu hiyo hutacheka tena. Kumbe tungeweza kusema: “mvua ya kujaza mitungi hamsini kwa paa moja.” Mtaalamu atasema si kipimo rasmi. Sawa, na tuandike milimita karibu yake, kwa ajili ya wanaozihitaji.

Asilimia 33 hadi 66 ni mkasa mwingine. Kiingereza cha wataalamu huiita hali hiyo uwezekano wa wastani, na kinachomaanishwa ni kwamba katika siku kumi zinazofanana na hii, siku tatu hadi sita au saba zitanyesha hivyo. Vyombo vya habari huona takwimu hiyo ni mzigo, wakaitupa. “Kunaweza kunyesha” ikawa “kutanyesha”. Kisha isiponyesha Jumatano, Alhamisi utawasikia watu kwenye matatu: “Si hao watu walisema mvua? Iko wapi? Wameanza tena.” Na Jumatatu mvua inapokuja kwelikweli, hakuna anayesikiliza.

Nathubutu kusema kwamba neno ‘utabiri’ lenyewe lina sehemu ya lawama. Katika Kiswahili anayetabiri ni nani? Ni nabii, mnajimu, mpiga ramli, mfasiri wa ndoto. Tunatabiri ndoto, tunatabiri nyota. Mtu wa namna hiyo hasemi asilimia 60. Husema litakuwa, na lisipokuwa tunamwita mwongo. Tukamvisha mwanasayansi joho la mtabiri, kisha tukamhukumu kwa sheria za watabiri. Sipendekezi tulifute neno ambalo limekwisha kukaa kwenye majina ya taasisi. Ninachosema ni kwamba mwandishi anayelitumia anapaswa kulisawazisha kwa viambatani vinavyoonyesha kiwango cha uhakika, navyo havihitaji kubuniwa. Tuna ‘huenda’, tuna ‘yamkini’, tuna ‘aghalabu’, tuna ‘karibu hakika’, tuna ‘hapana budi’. Bibi yangu hakujua asilimia, lakini alijua tofauti ya ‘huenda ikanyesha’ na ‘hii hainusuriki’, na alianua nguo au hakuanua kwa kufuata tofauti hiyo.

Nirudi kwenye ilani yetu. “Huenda mafuriko ya ghafla yakashuhudiwa.” Kitenzi ‘shuhudiwa’ kimekuwa ugonjwa katika habari za humu nchini: mvua imeshuhudiwa, msongamano umeshuhudiwa, vifo vimeshuhudiwa. Shahidi ni mtu aliyesimama pembeni akaona. Yule ambaye maji yamemwingilia ndani saa nane za usiku hajashuhudia chochote, yamemkuta. Na “wakazi wanashauriwa” je? Na nani? Wafanye nini? “Kuwa waangalifu” ni ushauri wa kumpa mtu anayevuka barabara ya lami mchana. Kauli ya kutendwa humficha mshauri, na nomino dhahania huficha tendo. Kiswahili kina amri iliyo nyepesi na yenye heshima: ondokeni, msivuke, zimeni umeme, wapelekeni wazee kwanza. Zipo jamii ambamo amri ya moja kwa moja kwa mtu mzima ni utovu wa adabu, nalijua hilo, lakini mbele ya mafuriko adabu ni kusema mapema na kusema wazi. Mnamo Desemba 2021 basi lililobeba wanakwaya lilizama katika Mto Enziu huko Mwingi likijaribu kuvuka maji yaliyofurika, na zaidi ya watu 30 wakaangamia. “Kuwa waangalifu” kungeweza kumfanya dereva aendeshe polepole. “Usivuke” ni jambo lingine kabisa.

Kuna tafsiri moja ambayo hunichekesha na kunihuzunisha kwa pamoja. Kiingereza cha ilani huwataka watu wahamie mahali palipoinuka. Mwanafunzi mmoja aliniandikia: “wakazi wahamie nyanda za juu.” Nilimuuliza kama alimaanisha mtu wa Garsen afunge virago aende Nyeri. Nimekwisha kuikuta tafsiri hiyo hiyo hewani. Mwenzake aliyekulia kando ya Mto Tana aliandika tu: “pandeni kilimani.” Yeye hakutafuta istilahi. Alikuwa ameona jambo lenyewe kwa macho.

Sasa tuje kwenye neno kubwa, ‘tahadhari’. Magazeti yetu husema Idara “imetoa tahadhari”. Ukichunguza matumizi ya zamani, tahadhari ni kitendo cha mtu kujihadhari. Wahenga waliposema tahadhari kabla ya hatari walikuwa wakimzungumzia anayejikinga, wala si ofisi inayotoa taarifa. Mtu huchukua tahadhari. Ofisi hutoa ilani au onyo. Tukiyachanganya haya, mwananchi anaambiwa tahadhari imetolewa, naye anaridhika kwamba kazi imefanyika, ilhali kazi ilikuwa yake. ‘Onyo’ nalo lina uzito wa bakora, linanuka ofisi ya mwalimu mkuu na barua ya mwisho kabla ya kufutwa. Mimi hupendelea ‘ilani’, kwa sababu Wakenya wameizoea: ilani ya mgomo, ilani ya kuhama nyumba. Mtu akipewa ilani hujua ana siku kadhaa za kufanya jambo.

Wenzetu wa Tanzania wametutangulia hapa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ina ngazi tatu zilizopangwa na kupewa rangi: angalizo kwa manjano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, tahadhari kubwa kwa nyekundu. Unaweza kugombana na maneno yenyewe. Mimi kwangu ‘angalizo’ bado linasikika kama maoni ya mhariri pambizoni mwa mswada, na ‘tahadhari kubwa’ ni ile ile ya pili iliyoongezewa sauti. Hata hivyo mpangilio upo, umeandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, na unarudiwa vivyo hivyo kila mara hadi umma ukaujua. Jambo jingine ninalowasifu ni kwamba taarifa zao hutaja athari zinazoweza kujitokeza. Japo hata huko kuna tasfida: “baadhi ya makazi kuzungukwa na maji.” Kuzungukwa! Kama kisiwa kwenye picha ya watalii. Maji ya Msimbazi hayazunguki nyumba, yanaingia.

Hapa Kenya hakuna neno la hali ya hewa lililotuumiza kama El Niño. Ni jina la Kihispania ambalo wavuvi wa Peru waliupa ujoto wa bahari uliowafikia karibu na Krismasi, nalo lamaanisha mtoto wa kiume. Kisayansi ni kupanda kwa joto la maji ya Bahari ya Pasifiki, maelfu ya kilomita kutoka kwetu. Lakini baada ya mvua ya 1997 na 1998 iliyobomoa madaraja na barabara, Wakenya waliliteka jina hilo wakalifanya nomino ya kawaida. ‘Elnino’ ikawa maana yake mvua ya kuangamiza. Hapo hakuna ubaya, ndivyo maneno yanavyosafiri. Ubaya ulitokea pale ambapo mtaalamu aliendelea kulitumia kwa maana yake, raia kwa yake, na mwanasiasa akasimama katikati.

Mnamo Agosti 2023 wataalamu walitabiri mvua ya vuli iliyozidi ya kawaida, wakitaja El Niño. Oktoba, Rais William Ruto aliwatangazia wananchi kwamba El Niño haitakuja kama ilivyobashiriwa na kwamba kungekuwa na mvua nyingi tu isiyofikia kiwango cha kuangamiza. Masikio yalisikia nini? Yalisikia kwamba hakuna mafuriko. Kufikia Desemba zaidi ya watu 100 walikuwa wamekufa, na Mandera, Garissa na Tana River zilikuwa zimekatika kutoka kwa nchi. Mtu anaweza kutumia siku nzima akijadili sayansi ya tamko lile. Mimi ninatazama neno. Sentensi “hakuna El Niño” ilikuwa na maana mbili, na iliyopokelewa na walio wengi ndiyo iliyokuwa hatari.

Tena jina hilo hutupumbaza pande zote mbili. Mwaka 2015 lilivuma sana, watu wakajiandaa kwa gharika, mvua ikaja bila makali ya 1997, na kejeli zikafuata. Mwaka 2019 halikutajwa kwa kishindo. Kilichokuwepo ni tofauti kubwa ya joto kati ya magharibi na mashariki ya Bahari Hindi, jambo ambalo Kiswahili hakijalipa hata jina la mtaani. Mvua ya vuli ya mwaka huo ilisababisha maporomoko ya ardhi Pokot Magharibi mnamo Novemba na kuua makumi ya watu. Hatari isiyo na jina linalotamkika haiwatishi watu. Ningependa kuona waandishi wakiacha kuuliza kama El Niño inakuja, waanze kuuliza maji yatafika wapi.

Masika ya 2024 yalitupa somo jingine la msamiati. Usiku wa kuamkia Aprili 29 maji yaliporomoka Mai Mahiu yakasomba nyumba na watu. Habari za kwanza zilisema bwawa la Old Kijabe limepasuka. Baadaye ikaelezwa kwamba hakukuwa na bwawa kwa maana ya lambo lililojengwa: takataka na matope yalikuwa yameziba mtaro unaopitisha maji chini ya reli, maji yakajikusanya nyuma ya tuta, tuta likaachia. Ilani za msimu ule ziliwataja wanaoishi kando ya mito na chini ya mabwawa. Aliyejenga chini ya tuta la reli angejiona vipi katika maneno hayo? Kiswahili kina ‘bwawa’, ‘lambo’, ‘ziwa’, ‘kidimbwi’, ‘tuta’, ‘kalvati’, na mwandishi aliyekimbilia neno moja kwa yote aliwaacha nje watu wa kijiji kizima.

Siku chache baadaye Pwani ilitajiwa Kimbunga Hidaya, kilichofika kwenye kisiwa cha Mafia huko Tanzania Mei 4. Kwetu hidaya ni zawadi, na mzaha ulioandamana na jina hilo simlaumu mtu. Kilichonisumbua ni ‘kimbunga’. Katika matumizi ya kila siku kimbunga ni hata ule upepo wa kuzunguka unaong’oa mabati ya shule, unapita dakika tano, basi. Kile cha baharini huchukua siku kadhaa na upana wake ni mamia ya kilomita. Dhoruba, tufani, kimbunga, chamchela: magazeti yanayatumia kana kwamba ni visawe. Mabaharia hawakuwa wakifanya hivyo. Pwani yetu haijasahau kwamba tufani ya Aprili 1872 iliangusha mikarafuu ya Unguja, na kwamba Lindi ilipigwa Aprili 1952. Neno ‘tufani’ lina kumbukumbu hiyo ndani yake. Ningelitunza kwa balaa kubwa la baharini na kukiachia kimbunga yale mabati ya shule. Najua nimechelewa, tangazo rasmi la nchi mbili limekwisha kuchagua. Nimesema tu.

Wavuvi nao huambiwa upepo utazidi noti 25, yaani mita 12.9 kwa sekunde. Kwa mvuvi wa Shela, noti 25 ni pesa. Ni kasi ya kilomita 46 kwa saa, mwendo wa bodaboda barabara ikiwa tupu. Lakini hata bodaboda hatuihitaji. Mwambie kusi limeshika, bahari imechafuka, mashua ndogo zisitoke hadi Alhamisi. Na ukifika milima ya Kisii, ambako radi huua watu, usimpe mtu ilani ya ‘ngurumo’. Ngurumo ni sauti, haijawahi kumuua mtu. Taja radi, umwambie mchungaji asijikinge chini ya mti.

Kuna mahali ambapo haya yamefanyiwa kazi. Bunyore, katika Kaunti ya Vihiga, ukoo wa Nganyi umejulikana kwa vizazi kwa elimu yake ya mvua: kuchanua kwa miti, mienendo ya ndege na wadudu, upande unakotoka upepo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 wazee wa ukoo huo na wataalamu wa Idara wamekuwa wakikaa pamoja kabla ya msimu, kila upande ukileta ubashiri wake, wakapatana juu ya ujumbe mmoja unaopelekwa kwa wakulima kwa lugha yao. Wengi huusifia mradi ule kwa kuheshimu maarifa ya jadi. Mimi huuona kama darasa la tafsiri, maana aliyeandika ujumbe na aliyejua utakavyosikika walikuwa chumba kimoja.

Ilani nyingi hazipati bahati hiyo. Huandikwa kwa Kiingereza jijini, hufika chumba cha habari jioni, na hupewa yeyote aliye zamu, naye ana dakika ishirini kabla ya taarifa ya saa moja. Simlaumu sana. Ninachouliza ni kwa nini nchi ambayo katiba yake ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi bado inamwachia mwanahabari mchovu kuamua usiku kama ‘hatari’ iwe ‘hatari’ au ‘changamoto’. Idara hiyo inahitaji waandishi wa Kiswahili waliokaa karibu na wataalamu, wanaoweza kumuuliza: unamaanisha maji yatafika magotini au kwenye dari? Wanafunzi wangu wawili watahitimu Novemba, vuli ikiwa imeanza. Nimewaambia wapeleke maombi ya kazi huko, ingawa hakuna nafasi iliyotangazwa.